Historia ya Vipokezi vya Serotonini, na Maneno ya Kuieleza Dawa ya Sonona

Katika vijiji vya mteremko wa mashariki wa Mlima Meru, ambako migomba na mibuni hupandwa pamoja hata mtu asiione nyumba ya jirani yake, yuko mama mmoja mtu mzima, naye ni shangazi yangu. Kwa muda wa miezi mingi alikosa usingizi, akapoteza hamu ya chakula, akaacha kwenda sokoni Tengeru, na mwisho akaacha hata kuitikia salamu. Alipelekwa katika hospitali mojawapo ya mjini Arusha, nami nikafuatana naye ili nimsaidie kusikiliza. Huko aliambiwa kwamba ana ugonjwa wa sonona. Kwamba ugonjwa huo watokana na upungufu wa kitu kiitwacho serotonini katika ubongo. Na kwamba vidonge alivyopewa vitaujaza upungufu huo. Siku ya kumi na moja aliviweka vidonge juu ya kabati, asivitumie tena. Nilipomwuliza sababu alinijibu, “Mwanangu, kama ni kujaza, ni mtungi gani huu usiojaa kwa siku kumi?”

Swali lile halikuwa la ujinga. Ndilo swali waliloulizana wataalamu wa dawa kwa muda wa miaka thelathini na zaidi, na jibu lake ndilo lililowapeleka kwenye elimu ya vipokezi. Nia ya makala haya ni kuisimulia historia ya elimu hiyo kwa ufupi, na kuonyesha kwamba neno “upungufu” limeingia katika maelezo yetu ya Kiswahili kutokana na dhana ya zamani isiyothibitika. Mimi si tabibu, ni mwalimu wa isimu. Lakini neno likimfanya mgonjwa aitupe dawa yake, jambo hilo lawahusu watu wa lugha sawasawa na linavyowahusu matabibu.

KITU KIMOJA, MAJINA MAWILI

Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Italia, Vittorio Erspamer, alitoa katika utando wa ndani wa utumbo wa wanyama kitu chenye kuifanya misuli laini ijikaze. Alikiita enteramini, yaani kitu cha utumbo. Mwaka wa 1948 wataalamu watatu wa Cleveland, Marekani, nao ni Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page, ambao walikuwa wakitafuta sababu za shinikizo la damu, walipata katika majimaji ya damu kitu chenye kuikaza mishipa. Wao walikiita serotonini, kwa kuunga neno la majimaji ya damu na neno la kukaza. Mwaka wa 1952 Erspamer na mwenziwe Asero walithibitisha kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. Jina la Wamarekani ndilo lililodumu.

Yafaa tuangalie kwamba katika majina hayo mawili hakuna hata moja lililotaja ubongo, seuze furaha. Ubongo uliingia katika habari hii mwaka wa 1953, pale Betty Twarog, aliyekuwa ameanza kazi yake kwa kuchunguza misuli ya kome wa baharini, alipoonyesha pamoja na Page kwamba serotonini imo katika ubongo wa wanyama wenye kunyonyesha. Hata hivyo sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, ipatayo tisa katika kumi au zaidi, yakaa utumboni. Kwa hiyo wale wanaokiita kitu hiki “homoni ya furaha” wamekipa jina la kazi yake ndogo na kuiacha kazi yake kubwa.

HABARI YA NDIZI

Hapa historia yafika katika nchi zetu, tena kwa njia ya chakula chetu. Mwaka wa 1958 ilitangazwa katika jarida la Science kwamba ndizi zina serotonini kwa wingi, hasa katika ganda. Habari hiyo ilipata masikio makini katika Chuo cha Makerere, Kampala. Huko Dakta Jack Davies alikuwa amekwisha eleza, tangu mwaka wa 1948, ugonjwa wa moyo ambao ndani yake utando wa moyo hunenepa na kukakamaa. Tena ilikuwa imejulikana kwamba wagonjwa wenye uvimbe fulani wa utumbo, unaomwaga serotonini nyingi katika damu, hupata makovu katika moyo. Waganda hula matoke kila siku. Basi wako waliodhani kwamba huenda ndizi ndiyo yenye kuidhuru mioyo yao. Mwaka wa 1962 Michael Crawford, aliyekuwa Makerere, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya mkojo wa watu wa Afrika Mashariki, navyo vilionyesha kwamba wala ndizi hutoa kwa wingi masalio ya serotonini iliyokwisha vunjwa mwilini.

Tuhuma juu ya ndizi haikuthibitika. Lakini twajifunza mambo mawili. La kwanza, mwili huivunja serotonini ya chakula katika kuta za utumbo na katika ini, tena ile inayobaki katika damu haiwezi kuvuka na kuingia ubongoni. Mtu wa Meru aweza kula mkungu mzima, na ubongo wake usipate serotonini ya ndizi hata chembe. La pili ni kubwa zaidi. Mwaka wa 1997 dawa ya kupunguza unene, fenfluramini, iliondolewa sokoni Marekani kwa kuwa iliziharibu vali za moyo; na baadaye ilijulikana kwamba huziharibu kwa kupitia aina moja ya kipokezi cha serotonini kilichomo katika vali hizo. Kumbe wale wa Kampala walikuwa wameulizia mahali penye maana, ila walitafuta jibu katika wingi wa kitu, ilhali jibu lilikuwa katika yule anayekipokea.

DAWA ZILIZOPATIKANA BILA KUTAFUTWA

Dawa za kwanza za sonona hazikutokana na elimu ya serotonini. Mwaka wa 1952 wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya Sea View, New York, walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi, na wauguzi wakastaajabu kuona watu mahututi wakichangamka. Miaka mitano baadaye Nathan Kline aliitangaza kuwa dawa ya huzuni. Katika mwaka huo huo wa 1957 Roland Kuhn, tabibu wa hospitali ya Münsterlingen, Uswisi, alieleza kwamba imipramini, dawa aliyokuwa ameijaribu bila mafanikio kwa wagonjwa wa wazimu wa aina nyingine, iliwafaa wenye sonona. Ndugu yake imipramini, yaani amitriptilini, ilifuata mwaka wa 1961. Na Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima mwaka wa 1977, amitriptilini ilikuwamo. Fluoksetini, ambayo wengi waijua kwa jina la Prozac, iliruhusiwa Marekani mwaka wa 1987.

Baada ya dawa kupatikana ndipo watu walipotafuta jinsi zinavyofanya kazi. Iproniazidi humzuia mvunjaji wa serotonini. Imipramini na fluoksetini huizuia seli isiirudishe ndani serotonini iliyokwisha itoa. Kwa njia zote mbili serotonini huzidi katika mwanya ulio kati ya seli moja ya neva na nyingine. Kutokana na hayo wataalamu waligeuza hoja: ikiwa kuongeza kwaponya, basi kupungua ndiko kunakougua. Alec Coppen wa Uingereza aliieleza dhana hiyo kwa upande wa serotonini mwaka wa 1967. Lakini hoja yenyewe ina kasoro ambayo mtu yeyote wa nyanda za juu aweza kuiona. Mtu akiwasha moto na baridi ikaondoka, hatusemi kwamba baridi ni upungufu wa kuni.

Tena lilikuwako lile swali la shangazi yangu. Dawa huzidisha serotonini katika mwanya kwa muda wa saa chache tu, ilhali nafuu kamili ya mgonjwa huchukua majuma kadhaa. Kama kujaza ndiko kunakoponya, mbona mtungi umejaa siku ya kwanza na mgonjwa apona juma la nne?

VIPOKEZI

Wazo la kipokezi ni la zamani kuliko serotonini yenyewe. Mwaka wa 1905 John Langley wa Cambridge alieleza kwamba lazima kiwemo katika seli kitu fulani kinachoipokea dawa kabla ya seli kuitika. Mwaka wa 1957 John Gaddum na Picarelli, huko Edinburgh, walionyesha katika utumbo wa mnyama wa maabara kwamba serotonini ina vipokezi vya aina mbili: kimoja walikiita M, kwa kuwa mofini ilikizuia, na kingine D, kwa jina la dawa nyingine iliyokizuia. Mwaka wa 1979 Peroutka na Snyder wa Baltimore walivigawa vipokezi vya ubongo katika aina ya 1 na aina ya 2. Siku hizi, baada ya jeni zake kusomwa, vyahesabiwa vipokezi kumi na vinne katika jamaa saba.

Kipokezi ni protini iliyopenya ngozi ya seli. Katika jamaa sita kati ya saba uzi wake huipenya ngozi hiyo mara saba, ukitokea huku na kuingia kule kama uzi wa mshonaji. Serotonini ikikigusa kwa nje, umbo lake hugeuka, na habari hupita ndani. Jamaa ya 3 peke yake ni tofauti, maana yenyewe ni mlango unaofunguka na kuzipitisha chembe zenye umeme.

JINSI VIPOKEZI VINAVYOREKEBISHWA

Jambo lililo muhimu kwa habari yetu ni kwamba seli haivichi vipokezi vyake vilivyo. Kipokezi kinachoguswa bila kupumzika hutiwa alama za fosfati na vimeng’enya vya seli. Kisha protini iitwayo arestini hukishika na kukizuia kisipeleke habari tena. Hapo kipokezi kingali mahali pake, lakini kimekufa ganzi. Mguso ukiendelea, seli yaweza kukivuta ndani. Huko kingine husafishwa na kurudishwa juu, na kingine huvunjwa. Hapo si ganzi tena, ni kupungua kwa hesabu. Kazi ya kuufahamu utaratibu huu kwa vipokezi vya namna hii iliwapatia Robert Lefkowitz na Brian Kobilka tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2012.

Sasa tuitazame dawa ya sonona. Seli zinazotoa serotonini ya ubongo zakaa katika shina la ubongo, karibu na shingo, na kutoka huko hupeleka nyuzi zake sehemu zote. Seli hizo zina, juu ya miili yao wenyewe, vipokezi vya aina ya 1A ambavyo kazi yake ni kuionja serotonini iliyotolewa na kuiambia seli, “Imetosha.” Mgonjwa akianza dawa, serotonini huzidi kwanza karibu na seli hizo, vipokezi vya 1A husema imetosha, na seli hupunguza mwendo wake. Hivyo katika siku za kwanza dawa hujipinga yenyewe. Katika miaka ya 1980 Claude de Montigny na Pierre Blier wa Montréal walionyesha katika panya kwamba baada ya majuma mawili hivi vipokezi hivyo hufa ganzi. Seli hurudia mwendo wake wa kwanza, na wakati huo huo dawa yaendelea kuzuia serotonini isirudishwe ndani. Ndipo habari inapofika kwa nguvu mwisho wa nyuzi.

Haifai kumdanganya msomaji kwamba mambo yote yamekwisha fahamika. Mwaka wa 1994 Francesc Artigas na wenzake wa Barcelona walijaribu kuharakisha nafuu kwa kuongeza pindololi, dawa yenye kukizuia kile kipokezi cha 1A. Lakini majaribio yaliyofuata hayakukubaliana. Vipokezi vya aina ya 2A hupungua baada ya majuma ya dawa nyingi za sonona, lakini hupungua hata kwa dawa zinazovizuia, ijapokuwa mtu angetazamia kwamba kipokezi kilichozuiwa kingeongezeka. Nayo tiba ya umeme, ambayo huwaponya wagonjwa wengi, iliviongeza katika panya. Tena wagonjwa wengine huanza kupata nafuu kidogo kabla ya juma la pili kwisha. Mwaka wa 2022 Joanna Moncrieff na wenzake wa London waliukusanya uchunguzi wa miaka mingi, wakasema kwamba hawakuona ushahidi thabiti kuwa wenye sonona wana serotonini pungufu. Hayo hayana maana kwamba dawa hazifai. Majaribio mengi yameonyesha kwamba huwafaa wagonjwa wengi, ingawa si wote. Maana yake ni kwamba “upungufu” si jina la ugonjwa huu.

MWAFRIKA NA HUZUNI

Ingekuwa kosa kuisimulia historia hii kana kwamba sonona iligunduliwa ng’ambo ikaletwa kwetu pamoja na vidonge. Lakini hivyo ndivyo ilivyofundishwa zamani. J. C. Carothers, aliyekuwa tabibu mkuu wa hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1953, akadai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Hakufikiri vya kutosha juu ya mlango wa hospitali yake. Mathari, kama Mirembe ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka wa 1927, ilipokea watu waliofanya fujo wakashikwa na serikali. Aliyenyamaza nyumbani, akageukia ukutani, hakushtakiwa na mtu. Tena aliyekwenda kwa tabibu alisema kwamba kichwa chamwuma, moyo wamwenda mbio, au tumbo limefunga; naye tabibu akaandika maumivu ya tumbo. Mwaka wa 1979 John Orley na John Wing walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda: sonona ilionekana huko kwa wingi kuliko katika wanawake wa mtaa mmoja wa London.

Mfano wa Meru wenyewe watosha kutuonya upande wa pili. Mwaka wa 1951 Wameru wapatao elfu tatu waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, kaskazini ya mlima, na nyumba zao zikachomwa, ili mashamba wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kulisema shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka uliofuata tena ndipo kitabu cha Carothers kilipotoka. Watu wale walikuwa na huzuni nyingi, lakini huzuni yao haikuwa ugonjwa, na dawa yake haikuwa kidonge, ilikuwa ardhi. Basi yatupasa tuwe na maneno mawili yasiyochanganyika: moja la huzuni yenye sababu iliyo wazi kwa kila mtu, na moja la ule ugonjwa unaobaki hata sababu ikiondoka, au unaokuja bila kubisha hodi.

MANENO

Kwa neno la ugonjwa, Tanzania imechukua “sonona”. Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kuuma na kutia uchungu, na mtu husononeka moyoni. Uzuri wa neno hili ni kwamba halikuutenga mwili na roho, kama vile wagonjwa wetu wenyewe wasivyovitenga. “Msongo wa mawazo” na “mfadhaiko”, ambayo watu wengine huyatumia kwa maana ile ile, yafaa yaachiwe mambo mengine: la kwanza kwa mzigo wa shida, la pili kwa mtu aliyeshtuka na kuhangaika.

Kwa elimu ya vipokezi napendekeza kanuni moja tu, kwamba tuanze na kitenzi ambacho mgonjwa anacho tayari. Kutoka pokea twapata “kipokezi”, nalo limekwisha enea. Yale mambo mawili niliyoyatenga hapo juu, yaani kipokezi kupoteza wepesi wake na vipokezi kupungua idadi, yaitwe “kufa ganzi kwa kipokezi” na “kupungua kwa vipokezi”. Hata baadhi ya vitabu vya ng’ambo huyachanganya haya mawili, na sisi hatuna sababu ya kulirithi kosa hilo. Kile kipokezi cha 1A kinachokaa juu ya seli yenyewe ili kuizuia, tukiite “kipokezi-bawabu”. Na neno “upungufu wa serotonini” tuliache kabisa katika maelezo ya wagonjwa, maana lina hasara mbili: si kweli kwa kadiri tujuavyo, na lamfundisha mgonjwa kutazamia kujazwa, ilhali kinachotokea ni kuzoea. Mwenye kutazamia kujazwa hukata tamaa juma la pili. Mwenye kujua kwamba mwili wazoea polepole huweza kungoja.

Jambo hili nililijaribu kabla ya kuliandika. Nilirudi kwa shangazi na kumwambia kwamba dawa yake haijazi mtungi. Kwamba mlangoni yuko bawabu ambaye siku za kwanza humzuia kila mgeni kwa ukali, na baada ya majuma kadhaa humzoea na kumwacha apite. Na kwamba asianze wala kuacha vidonge bila shauri la tabibu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, “Bawabu namfahamu. Lakini mbona hawakunitajia tangu siku ile?” Tulirudi hospitali juma hilo hilo, na tabibu, ambaye kwa kweli alikuwa mtu msikivu, akamwanzishia upya. Mwezi wa pili alikwenda Tengeru peke yake kuuza ndizi.

Najua kwamba mfano wa mtu mmoja si ushahidi wa elimu, na kwamba huenda angepona kwa maneno yoyote. Lakini vidonge vilivyowekwa juu ya kabati haviponyi mtu, na vile viliwekwa hapo na neno. Wenye kutunga istilahi za tiba na wenye kufundisha wauguzi walipime pendekezo hili, na walio na ujuzi kunipita wanisahihishe penye kosa.